Sukari Isiyokuwa ya Chai: Uchambuzi wa Kisa cha UTI ya Kujirudia Mjini Moshi

Mgonjwa wa kisa hiki ni mama wa miaka 38, muuza nguo za mitumba mjini Moshi, ambaye ameridhia habari zake ziandikwe kwa sharti kwamba asitambulike. Kwa hiyo nimebadilisha mambo madogo madogo, na nitamwita Mama Neema. Alifika kwenye dirisha la maabara ninayofanyia kazi asubuhi moja ya Julai, majira ambayo mlima huweza kujificha siku kadhaa mfululizo na watu huenda sokoni wamejitanda vitenge juu ya masweta. Mkononi alikuwa na daftari la kliniki lililochakaa kona zote, pamoja na cheti cha tabibu kilichoagiza kipimo cha mkojo. "Shikamoo mama," alinisalimu, na kabla sijamaliza kuitikia akaomba apimwe na sukari pia, atalipia mwenyewe. Wiki sita zilizopita alikuwa ameambiwa kwamba wadudu wa UTI yake, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, wanakaa kwenye sukari. Tangu siku hiyo hakugusa sukari, hakula ndizi mbivu, na hata kata ya mbege, pombe ya ndizi, kwenye sherehe ya shemeji yake aliipitisha bila kuinywa.

Nilimuuliza aliambiwa maneno gani hasa. Alinirudishia sentensi nzima ya tabibu kijana aliyemhudumia kwenye kituo kingine: "Hao bakteria hujishikiza kwenye sukari zilizo juu ya seli zako." Sentensi hiyo haina kosa hata moja la kisayansi, na ndiyo iliyomharibia mama huyu wiki sita. Katika Kiswahili chetu cha kila siku neno "sukari" lina makao mawili tu, kopo la jikoni na jina la ugonjwa. Ukimwambia mtu mzima kwamba ana sukari, umemwambia ana kisukari. Mama Neema alisikia kile ambacho msikilizaji yeyote wa lugha yake angesikia. Wala hofu yake haikuwa ya kipuuzi, kwa maana watu wenye kisukari hupata maambukizi ya njia ya mkojo kwa urahisi zaidi, na ni sahihi kabisa mtu mwenye UTI za kujirudia kupimwa sukari ya damu. Yeye alikwisha kupimwa mara tatu katika wiki hizo sita. Asubuhi ile, akiwa hajala kitu tangu jana yake, kipimo kilisoma milimoli 5.2 kwa lita, ambacho ni kiwango cha mtu mzima asiye na kisukari.

Kabla ya mkojo nilisoma daftari. Katika miezi 14 lilikuwa na maandishi matano ya "UTI", na pembeni mwa la mwisho mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu "UTI sugu". Maandishi mawili kati ya hayo matano hayakunishawishi: mgonjwa alikuwa na homa na uchovu tu, hakulalamika maumivu wakati wa kukojoa, na darubini ilionyesha chembe za usaha tatu hadi tano, idadi ambayo peke yake haithibitishi lolote. Siandiki hivi ili kumlaumu mtu. Yeyote aliyefanya kazi kwenye vituo vyetu anafahamu kwamba kipimo cha malaria kikisoma hasi, cheti huhitaji jina jingine, na jina lililo karibu huwa ni UTI. Maandishi matatu yaliyobaki yalikuwa na uzito. Moja lilieleza maumivu ya kuchoma, haja ya mara kwa mara na kijiti cha kupimia mkojo kilichoonyesha nitraiti, dalili ya kuwapo bakteria. Jingine lilieleza homa kali, baridi ya kutetemeka na maumivu ya kiuno upande wa kulia, na mama alilazwa siku mbili akipewa dawa kwa mshipa, maana yake ni kwamba maambukizi yalikuwa yamepanda hadi kwenye figo. La tatu lilikuwa la wiki sita zilizopita. Mara zote alipewa dawa, kila mara ya aina tofauti, na hakuna hata mara moja mkojo wake ulipooteshwa, yaani kuwekwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria ili waliomo waote na kutambuliwa.

Hapo ndipo neno "sugu" nalo linapohitaji kuangaliwa. Kwenye maabara usugu ni wa bakteria dhidi ya dawa, na huonekana kwenye sahani: dawa imewekwa, bakteria ameota hadi ukingoni mwake. Mtaani, na kwenye matangazo ya dawa za mitishamba, "UTI sugu" ni UTI inayorudi. Hayo ni mambo mawili yanayoweza kukutana kwa mgonjwa mmoja na yanayoweza kabisa kutokukutana. Bakteria anayekufa kwa dawa ya bei nafuu kuliko zote anaweza kurudi mara nne kwa mwaka, kwa sababu kurudi kunategemea zaidi uwezo wake wa kushika.

Mama Neema alitoa mkojo wa katikati, usio wa mwanzo wala wa mwisho, nasi tukauotesha. Siku ya pili sahani ilikuwa na zaidi ya makoloni 100,000 kwa kila mililita, yote ya aina moja, nayo ilikuwa E. coli, bakteria yuleyule anayeongoza maambukizi ya kibofu duniani kote na ambaye makazi yake ya kawaida ni utumbo wetu wenyewe. Alikuwa sugu, kwa maana ya maabara, kwa ampisilini na kwa kotrimoksazoli ambayo wengi huiita septrini. Kwa nitrofurantoini alikufa bila ubishi. Kwa tabibu jibu hilo lilitosha, na mama akaandikiwa nitrofurantoini kwa siku 5. Mimi nilibaki na deni la kumweleza ile sukari.

Kibofu hujisafisha kila kinapomwagwa. Mkojo hutoka kwa kasi, na kiumbe chochote kinachoelea ndani yake hutoka nao, hivyo bakteria anayetaka kukaa pale hana budi kuwa na mkono wa kushikia na mahali pa kushika. Mahali penyewe ni sukari. Uso wa kila seli ya mwili wetu umefunikwa na minyororo ya molekuli za sukari iliyopachikwa kwenye protini na kwenye mafuta ya utando wa seli, kama ukoka ulivyofunika uwanja. Sukari hizi seli huziunganisha yenyewe, moja baada ya nyingine, kwa vimeng'enya vyake, na mtu akiacha kutia sukari kwenye chai ukoka huo haunyauki. Ushahidi ulio karibu zaidi na mtu wa kawaida ni kadi ya mchangia damu: makundi ya damu A na B hutofautiana kwa sukari moja tu iliyo kwenye ncha ya mnyororo, na mtu wa kundi O hana hata moja kati ya hizo mbili. Hakuna aliyewahi kubadili kundi la damu kwa kuacha soda.

Mkono wa E. coli ni nyuzi nyembamba mno ziitwazo fimbria, ambazo bakteria mmoja anaweza kuwa nazo kwa mamia. Kwenye ncha ya kila uzi wa aina ya kwanza kuna protini iitwayo FimH, yenye kijishimo kinachoipokea sukari ya manosi na kuikataa sukari nyingi nyingine. Tabaka la juu kabisa la kibofu, lile linalogusana na mkojo, limetandazwa protini ziitwazo uroplakini, na mojawapo, uroplakini Ia, imebeba minyororo yenye manosi nyingi. Kwamba manosi huzuia E. coli kugandisha chembe za damu kulijulikana tangu miaka ya 1950. Kwamba ndiyo sukari inayomshikiza kwenye seli za binadamu kulionyeshwa mwaka 1977 na Itzhak Ofek, David Mirelman na Nathan Sharon, ambao walitumia seli za ndani ya mdomo.

Jambo linalonistaajabisha mimi, hata baada ya miaka mingi kwenye kazi hii, ni namna FimH inavyoshika. Gundi ya kawaida ukiivuta huachia. FimH ni kitanzi cha mtego: mnyama akivuta, kitanzi hukaza. Protini hiyo ina sehemu mbili. Zikiwa zimegandana, kijishimo cha manosi huwa wazi kidogo na mshiko huwa hafifu, lakini mkondo unapomvuta bakteria sehemu hizo hutengana, na kijishimo huifumba manosi kwa nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba bakteria wenye FimH huganda zaidi mkondo unapoongezeka. Kwa hiyo katika ile dakika ambayo kibofu kinajisafisha, waliokwisha kushika ndipo hukaza mshiko.

Baada ya kushika, bakteria huingizwa ndani ya seli yenyewe. Humo dawa nyingi haziwafikii vizuri na chembe nyeupe haziwaoni kwa urahisi, nao huzaliana na kuwa lundo. Mwili hujibu kwa kuibandua seli iliyovamiwa na kuitupa kwenye mkojo, jibu zuri, ila seli changa zilizo chini hubaki wazi, na katika majaribio ya panya bakteria wachache wameonekana wakilala ndani ya seli hizo kwa majuma kabla ya kuamka. Kwa binadamu, seli zilizobanduka zikiwa zimejaa malundo hayo zimeonekana kwenye mkojo wa wanawake wenye maambukizi ya kibofu. Hii ni njia moja ambayo UTI hurudi ilhali dawa ilikuwa sahihi. Njia nyingine ni bakteria mpya kutoka utumbo uleule, na kuitofautisha na ya kwanza kunahitaji mkojo uoteshwe kila mara.

Kile kipindi cha homa na maumivu ya kiuno kilihitaji mkono tofauti. E. coli wanaopanda hadi kwenye figo mara nyingi huwa na nyuzi za aina nyingine, zinazobeba protini PapG, nayo haina haja na manosi; hutafuta galaktosi mbili zilizounganishwa, ambazo seli za figo zinazo kwa wingi. Jozi hiyohiyo ya galaktosi ni sehemu ya mfumo wa makundi ya damu uitwao P, na watu wachache mno waliozaliwa bila sukari hizo hawawapi bakteria wa aina hii mahali pa kushika. Sikuwa na namna ya kupima PapG, na bakteria wa wakati ule hakuhifadhiwa, kwa hiyo upande huo wa kisa ninaueleza kwa dalili tu.

Alhamisi Mama Neema aliporudi kuchukua majibu nilimwomba asimame upande wa pili wa kioo cha maabara, nami nikavaa glovu. Nilikuwa nimemwotesha bakteria wake kwenye kimiminika kisichotikiswa kwa saa 48, hali inayomchochea kuota nyuzi zake. Nilikuwa pia na hamira ya dukani, ile ya chembechembe ya kupikia maandazi, niliyoikoroga kwenye maji ya chumvi. Ganda la nje la chembe ya hamira limejaa manosi. Niliweka matone matatu ya hamira kwenye slaidi. La kwanza nilitia bakteria peke yao, nikalitikisa taratibu, na muda si mrefu likakatika kama maziwa yaliyochacha, madonge meupe yakitengana na maji. La pili nilitangulia kutia manosi, kutoka kwenye kichupa nilichopewa na rafiki anayefundisha chuoni, kisha bakteria. Lilibaki laini vilevile, kwa sababu kila mkono ulikwisha kujaa manosi na haukuwa na nafasi ya kushika hamira. La tatu nilitia sukari ya TPC, inayotengenezwa papa hapa Moshi, ileile iliyokuwa kwenye kopo lake jikoni. Likakatika kama la kwanza.

Aliyatazama matone yote matatu kwa muda. "Kwa hiyo hii yangu ya chai hawaitaki," alisema. Nikamwambia hawaijui hata kwa jina.

Naandika kwa uaminifu kwamba jaribio hilo si kipimo cha ugonjwa. E. coli wengi, pamoja na wale wasiomdhuru mtu, wanaweza kuikatisha hamira namna hiyohiyo, na matokeo yake hayakuongeza wala kupunguza kidonge hata kimoja. Lilichukua dakika kumi na chumvi kidogo, nalo lilifanya kazi ambayo kipimo cha sukari, kilichorudiwa mara tatu na kulipiwa mara tatu, kilishindwa kuifanya.

Neema mwenyewe, binti wa kidato cha nne aliyemsindikiza mama yake siku ile, aliuliza swali nililokuwa nikilisubiri: kama tone lenye manosi halikukatika, kwa nini mama asinywe manosi? Alikuwa amekwisha kuiona mtandaoni, inauzwa kama poda. Hoja yake ni nzuri, na ndiyo iliyowaongoza watafiti. Mwili wenyewe huitumia: figo humwaga kwenye mkojo protini iitwayo uromodulini, iliyoelezwa mwaka 1950 na Igor Tamm na Frank Horsfall, ambayo kwa mtu mwenye afya ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mkojoni. Imebeba minyororo ya manosi, nayo huelea ikiwa chambo. Bakteria huishika, akidhani amefika, akatoka na mkojo. Mwaka 1979 panya waliopewa bakteria pamoja na sukari ya jamii ya manosi walionekana kupata maambukizi machache. Mwaka 2014 utafiti wa Kroatia wenye wanawake 308 ulitoa matokeo ya kuvutia mno kwa upande wa poda, lakini washiriki walijua wanachokunywa na kundi la kulinganishia halikupewa kitu chochote.

Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti wa Uingereza uliofanywa kwa utaratibu mkali zaidi, ambamo wanawake 598 wenye UTI za kujirudia walikunywa gramu 2 za manosi kila siku, au poda ya kufanania isiyo na manosi, kwa miezi 6, bila kujua nani anakunywa nini. Waliotafuta tiba tena kwa UTI walikuwa asilimia 51.0 kwa waliokunywa manosi na asilimia 55.7 kwa wengine, tofauti ambayo haitoshi kusemwa ni ya dawa. Slaidi haina damu wala figo, na tone langu lilikuwa na manosi nyingi kwenye nafasi ndogo. Isitoshe, FimH huishika manosi moja iliyo peke yake kwa nguvu ndogo kuliko inavyoushika mnyororo wa manosi kadhaa wa kwenye seli, na wale bakteria waliokwisha kuingia ndani ya seli hawana habari na kinachopita mkojoni. Wakemia wanaendelea kutengeneza molekuli za bandia zinazojaza kijishimo cha FimH vizuri zaidi, na njia hiyo naiona ina mantiki. Poda ya mtandaoni sikumshauri anunue.

Nilipomuuliza Mama Neema anakunywa nini kwa siku, kisa kikabadilika sura. Kabla ya wiki zile sita alikuwa na desturi ya chai ya tangawizi, vikombe vinne vikubwa, hasa wakati wa baridi ambapo hana hamu ya maji. Alipoacha sukari chai ikamshinda. Kikombe kimoja asubuhi, kwa kujilazimisha, na maji ya kunywea dawa, basi. Juu ya hayo, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri alikuwa hakojoi, kwa kuwa hana wa kumwachia meza. Yaani katika kuikimbia sukari isiyohusika, alikuwa amekiacha kibofu chake na mkojo mchache uliokaa kwa muda wa saa tisa nzima.

Msomaji makini atauliza hapa: ikiwa mkondo hukaza kitanzi, maji mengi yatasaidia nini? Jibu ni kwamba si bakteria wote huwa na nyuzi kwa wakati mmoja. Kipande cha vinasaba chenye herufi 314 hugeuka huku na huku kama swichi, na kikielekea upande mmoja nyuzi huota, kikielekea mwingine haziongezeki. Wasio na nyuzi wakati huo huchukuliwa na maji, na seli zilizobanduka na wavamizi wao huchukuliwa pia, mradi kibofu kimwagwe kabla walioelea hawajapata muda wa kuongezeka na kushika. Na ushahidi upo: mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanawake 140 wenye UTI za kujirudia ambao kwa kawaida walikuwa wakinywa chini ya lita moja na nusu kwa siku. Walioongeza lita moja na nusu za maji walipata kwa wastani vipindi 1.7 kwa mwaka, na wasioongeza 3.2.

Tulikubaliana mambo matatu. Angemaliza siku zake 5 za dawa. Angerudisha chai yake, kwa sukari anayoitaka, na kuongeza maji ya uvuguvugu ya chupa. Na jirani wa meza ya mkono wa kushoto, ambaye naye anauza mitumba, wangeachiana zamu ya kwenda msalani kila baada ya saa tatu. La mwisho alilisita zaidi kuliko yote, kwa sababu mteja wa mtumba hasubiri. Kwenye daftari niliandika, chini ya ule wino mwekundu: "Ikirudi, mkojo uoteshwe kabla ya dawa."

Miezi saba baadaye, mwezi wa Februari, ilirudi. Mkojo ulioteshwa. Alikuwa E. coli tena, safari hii akifa kwa kotrimoksazoli na kwa ampisilini, kwa hiyo kwa kadiri kubwa ni bakteria mwingine, wala si yule wa Julai aliyekuwa amelala kwenye seli. Katika miezi hiyo hakuwa amepata kipindi kingine wala homa ya kiuno. Aliomba apimwe mkojo tu.